Majani Mekundu ya Mwezi wa Tisa: Nani Alisema Kwetu Hakuna Majira?

Kuna neno ambalo wasomi wa Lubumbashi wanapenda kusema, na sisi wa chama hiki tumechoka kulisikia: «Siye huku hatuna majira. Tuko na mvula na kipwa, njo vile tu.» Mwalimu analisema mbele ya watoto wa masomo. Baba analisema kwenye meza. Musemaji analisema kwenye sherehe ya ndoa, na watu wanacheka. Lakini umuulize mutu huyohuyo majira ya Ulaya, atakuhesabia yote mane kwa Kifaransa kizuri, bila kukosa hata moja: printemps, été, automne, hiver. Atakueleza namna majani ya kule yanageuka kuwa mekundu na ya rangi ya zahabu mu mwezi wa tisa na wa kumi, namna watu wa kule wanapamba milango yao, wanapanga bustani zao, na namna wanatoka siku ya posho na siku ya Mungu kwenda kutazama pori. Anasema haya yote kwa sauti ya tamaa. Majani mekundu yanayoota nje ya muji wake mwenyewe, mu miezi ileile, hayajui.

Sisi tunasema wazi: neno lile si kweli. Inchi yetu ya Haut-Katanga iko na majira yake ya majani ya rangi. Wazee wetu waliyajua, waliyafanyia kazi, waliyapambia nyumba. Leo wasomi wanayapita mu gari, vioo vimefungwa, wakikimbilia muji. Na hatari yake ni kubwa kuliko aibu tu. Pori ambalo hakuna anayelitazama, siku likikatwa hakuna anayelia. Na pori letu linakatwa.

Pori linasema nini

Tuanze na mambo yanayojulikana. Lubumbashi iko kusini ya mustari wa ikweta, kwenye digrii 11 na zaidi, juu ya uwanda unaopita metre 1 200 juu ya bahari. Mvua inanyesha sana kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3. Kipwa kinashika kuanzia mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9. Mwezi wa 4 na mwezi wa 10 ni miezi ya kuvuka. Lakini kusema «kipwa» peke yake ni sawa na kusema «chakula» bila kusema ni bukari ao ni muchele. Mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi, hata mama anatafuta blanketi ya pili. Mwezi wa 8 ni upepo, vumbi na majani yanayoanguka. Mwezi wa 9 na wa 10 ni joto kali kuliko miezi yote ya mwaka. Hayo ni majira matatu mu kipwa kimoja, na mukulima yeyote wa kando ya Kafubu anayajua bila kufungua kitabu.

Sasa angalia miti. Pori letu linaitwa miombo. Jina hilo limetoka mu lugha zetu, na leo wataalamu wa dunia nzima wanalitumia sawasawa bila kulitafsiri, kwa pori linaloanzia Angola mpaka Tanzania na Mozambique. Miti yake mikubwa ni muputu, mutondo, musamba, mutobo na ndugu zao. Mu mwezi wa 8 miti ile inaangusha majani ya zamani. Kisha, mbele ya tone la kwanza la mvua, wakati udongo umepasuka na majani ya chini yamekauka kabisa, miti inatoa majani mapya. Na majani yale hayatoki kijani. Yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba, ya manjano, ya zambarau. Kila muti na rangi yake, hata miti miwili ya aina moja inayosimama karibu haifanani. Kwa majuma machache kilima kizima kinaonekana sawa kinawaka bila moshi. Kisha pole pole rangi inafifia, kijani kinashika, na mvua inakuta pori tayari limevaa.

Muti unapata wapi maji ya kufanya kazi hiyo? Mu mizizi inayoshuka mbali sana, na mu maji uliyoweka ndani ya shina lake. Rangi nyekundu ile inatoka na kitu wataalamu wanakiita antosianini. Wengi wanafikiri kwamba kinakinga jani changa na jua kali mpaka wakati jani litakuwa na nguvu. Ni kitu kilekile kinachofanya jani la Ulaya kuwa jekundu. Lakini hapa tunaomba musomaji asimame kidogo. Kule Ulaya jani linakuwa jekundu wakati linataka kufa: linakauka, linaanguka, baridi inaingia. Kwetu jani linakuwa jekundu wakati linazaliwa. Rangi ni moja, miezi ni ileile, lakini habari ni mbili tofauti. Mwanafunzi anayeimba mu mwezi wa tisa kwamba majani yanaanguka na maumbile yanalala, anatazama nje ya dirisha na anaona kinyume chake. Mwalimu akimwambia aandike sawa kitabu kinavyosema, anamufundisha kutokuamini macho yake.

Hata kalenda yenyewe inakataa. Siku ya 22 ao 23 ya mwezi wa tisa, wakati Ufaransa na Ubelgiji wanaingia mu automne, upande wetu wa kusini ya ikweta ni majira ya kuchipuka ndiyo yanaanza. Kwa hiyo mutu wa Lubumbashi anayejipambia automne ya Ulaya amekosea mara mbili: amekosea inchi, na amekosea upande wa dunia.

Kupamba nyumba: nani mwalimu?

Wanasema tena: «Kupamba nyumba kufuata majira ni mambo ya wazungu.» Tunawajibu kwa jina moja: Makwacha.

Makwacha ni kijiji kisicho mbali sana na Lubumbashi. Pale, kila mwaka wakati wa kipwa, wanawake wanachukua udongo wa rangi mbalimbali, mwekundu, mweupe, mweusi, wa manjano, na wanapaka kuta za nyumba zao. Wanachora mistari, maua, nyama, watu, mambo waliyoona na mambo waliyoota. Mama anafundisha binti. Kisha mvua inakuja, inaosha kuta, na kazi yote inarudi mu udongo ilipotoka. Mwaka unaofuata wanaanza upya. Wageni wametoka mbali kuja kupiga picha za kuta zile. Lakini tuulize wasomi wa kartie zetu: ni wangapi wamefika Makwacha? Wengi wanajua jina la muchoraji wa Paris aliyekufa zamani. Jina la mama mumoja wa Makwacha hawalijui.

Ndiyo mapambo ya majira, ndugu zetu, na tena yenye akili. Hayauzwi mu magazini, hayaachi takataka, na kila mwaka ni mapya. Kwa nini wanayafanya wakati wa kipwa? Kwa sababu mavuno yameisha, mikono iko na nafasi, na ukuta umekauka. Ni kalenda inayosimama juu ya kazi ya mashamba. Mwenye kuijua hahitaji kuletewa kalenda nyingine ya mapambo.

Sasa tazama nyumba za wasomi wa muji. Mu chumba cha wageni kuna maua ya plastiki yenye vumbi ya miaka kumi. Kwenye ukuta kuna picha kubwa ya pori la Ulaya lenye majani mekundu, na daraja, na maji. Ikifika mwezi wa 12, wakati mvua inanyesha, embe zinaanguka kwenye uwanja na watoto wanatembea miguu wazi, baba ananunua pamba na kuimwaga juu ya muti wa plastiki kusudi ionekane theluji. Theluji mu Lubumbashi, wakati embe zimeiva! Kwenye sale za ndoa ni vilevile. Kipwa ni wakati wa ndoa nyingi, na jamaa zinalipa feza nyingi kukodi maua ya plastiki yaliyokwisha kupamba ndoa makumi mbele yao. Mutu akipendekeza udongo wa rangi, vikapu, mikeka, vyungu, vibuyu, wanamuambia: «Ile ni mambo ya mu kijiji.» Ndiyo, ni ya kijiji. Na bibi na babu wa bwana arusi, waliokaa kwenye viti vya mbele, wametoka wapi?

Tusisikilizwe vibaya. Hatusemi kila kitu cha mugeni kitupwe. Angalia muti wa jakaranda. Umetoka Amerika ya Kusini, ulipandwa na wakoloni kwenye barabara za muji ulioanzishwa mu 1910 kwa jina la Élisabethville. Leo, mu mwezi wa tisa na wa kumi, barabara zetu zinakuwa zambarau chini na juu, na watoto wanakanyaga maua wakienda masomo. Flamboyant vilevile umetoka Madagascar, na kila mutu wa Lubumbashi anajua wekundu wake. Miti ile imekubali udongo wetu na saa yetu: inatoa maua wakati joto letu linapanda. Imekuwa wenyeji. Jani la plastiki halitakuwa mwenyeji hata likikaa miaka mia moja.

Bustani na sima

Mambo ya bustani nayo yameharibika mu mawazo. Zamani parseli ilikuwa na embe, na papai, na avoka, na matuta ya lengalenga nyuma ya jiko. Wakati kazi za viwanda zilianguka mu miaka ya 1990 na mishahara ikapotea, ni matuta yale, na mashamba ya pembeni ya muji, yaliyolisha jamaa nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mama aliyeshika jembe aliokoa nyumba ya mutu mwenye diplome. Hilo halipashwi kusahauliwa.

Leo mwenye kupata feza anafanya nini kwanza? Anakata embe, «juu majani yake yanachafua.» Anasawazisha kichuguu. Anamwaga sima, anaweka pave kutoka ukuta mpaka ukuta. Kisha anaweka vyungu viwili vya maua kwenye mulango na anasema ako na bustani. Mvua ya mwezi wa 11 ikifika, maji hayapati pa kuingia. Yanatoka kwa nguvu na kwenda kwa jirani wa chini, yanachimba barabara, na mwenye pave analalamika kwamba barabara ni mbaya.

Majira yetu ya majani mekundu ni majira ya bustani. Mu dembo na kando ya mito, kipwa ndicho wakati muzuri wa mboga: maji iko karibu, magonjwa ya mvua hayako, baridi ya mwezi wa 6 inapendwa na shu na vitunguu. Mu mwezi wa 9 na wa 10, mukulima anayesoma pori anaanza kulima mashamba ya mvua. Anatengeneza matuta, anarudisha majani makavu mu udongo pahali pa kuyachoma, anaweka mbolea ya kuku, anachagua mbegu za maindi, maboga na karanga. Hangojei redio imuambie kwamba mvua imekaribia. Musuku na mupundu zimekwisha kumuambia.

Na tunaongeza jambo moja kwa wale wanaofikiri kwamba udongo ni kitu cha bure. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mu 1911. Upepo wetu wa kipwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wake ulibebwa kaskazini-magharibi miaka na miaka. Kule Penga Penga pori lilikufa, udongo ukashiba shaba na vyuma vingine, mvua ikaondoa udongo wa juu, na pahali pakubwa pakabaki wazi. Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kurudisha majani kwa chokaa na mbolea, na wamefaulu kwa vipande. Muone kazi inayotakiwa kusudi jani moja tu lirudi! Na mutu mwenye udongo muzima mu parseli yake anaufunika na sima kwa mapenzi yake.

Kutembea siku ya posho

Sasa matembezi. Mutu wa muji akisema «tutoke,» anataka kusema bia, muziki na nyama ya kuchoma, kwenye kiti cha plastiki, chini ya ukuta. Hatukatazi bia. Tunauliza tu: juu ya nini matembezi ya kuona inchi yetu tumeyaachia wageni?

Kwa mwenye nafasi na gari yenye nguvu, kuna hifadhi ya Kundelungu, iliyoanzishwa mu 1970, na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya metre 300 kwa mara moja. Tuseme ukweli: kwenye mwisho wa kipwa maji ya Lofoi yanapunguka sana, kwa hiyo kwa maji ni bora kwenda baada ya mvua, na kwa rangi za pori ni bora mu mwezi wa 9. Kuna ziwa la Tshangalele na ndege zake. Ziwa lile ni kazi ya mukono wa mutu, lilizaliwa wakati muto Lufira ulifungwa kwa barage ya Mwadingusha mu 1930. Leo wavuvi, ndege na wakulima wote wanaishi nalo.

Lakini si lazima kwenda mbali. Njia ya Kipushi ni kilometa 30 tu. Njia ya Kasumbalesa, njia ya Likasi, popote ambapo pori limeachwa kupumua, mu mwezi wa tisa utaona rangi. Panda basi, shuka, salimia wenyeji, omba ruhusa kwa mukubwa wa kijiji, tembea saa mbili. Kando ya barabara mama anauza mpundu. Majuma machache mbele, atauza masuku na mfungo. Kisha mvua ya kwanza itarusha nswa kutoka mu vichuguu, na kisha bowa, na kisha bishimu. Matembezi haya bibi zetu waliyafanya na kikapu kichwani na watoto nyuma, wakiwaonyesha: huu ni muputu, huu unatoa dawa, bowa hii usiguse. Ilikuwa masomo, ilikuwa soko, na ilikuwa furaha. Hakuna muzungu aliyewafundisha kutoka nje siku ya mapumziko.

Wanaotupinga

Tunajua wanavyotujibu. Neno la kwanza: «Batu beko na njala, na weye unabaambia mambo ya maua!» Ni neno zito, hatulidharau. Lakini njaa ile italishwa na nini? Bowa nyingi tunazokula mu masika zinaishi pamoja na mizizi ya muputu, mutondo na musuku. Muti ukiondoka, bowa ile haioti tena, hata ukimwaga maji. Bishimu wanakula majani ya miti ileile. Asali inatoka mu maua yake. Jani jekundu tunalosema lipendwe ndilo jani lile ambalo kishimu atakula na ambalo mama atauza kwa jina la kishimu kulipa masomo ya mutoto. Uzuri na chakula vimetoka kwenye tawi moja.

Neno la pili: «Pori linakatwa na wanakijiji wachoma makala, mukawaambie wao.» Hapana. Makala yanapikia nani? Magunia yanaingia muji kila usiku, kwa kinga na kwa lori, kwa sababu umeme haufiki kwa nyumba nyingi na palipofika unakatika. Hatumuhukumu mama anayepika na makala, hana kingine. Tunamuhukumu musomi anayenunua gunia, anayepaza sauti juu ya wachoma makala, na asiyeweza kutaja miti mitatu iliyomo ndani ya gunia lile. Mu miaka ya 2010 mukula, muti wetu wenye moyo mwekundu, ulikatwa na kupakiwa lori kwa lori kupelekwa mbali Asia. Waliopiga kelele walikuwa wachache. Juu ya nini? Juu watu wa muji hawakuujua muti ule. Waliusikia kwa mara ya kwanza siku ulipokuwa bidhaa.

Neno la tatu: «Ni Mungu tu anajua, siye hatuwezi kufanya kitu.» Hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ni uongo wenye nguo ya dini. Miombo ni pori lenye moyo. Muti ukikatwa, kisiki kinatoa machipuko, mizizi nayo inatoa. Mukulima akiacha visiki na akizuia moto mukali, miti inarudi. Na juu ya moto kuna ushuhuda wa karibu. Huko Ndola, ngambo ya mupaka upande wa Zambia, walianza mu 1933 kuchoma vipande vya pori kwa namna tofauti. Vingine vilichomwa mapema, mwanzo wa kipwa, wakati majani ya chini yangali na maji. Vingine vilichomwa kwa kuchelewa, wakati kila kitu kimekauka na majani mapya yameanza kutoka. Vingine havikuchomwa. Matokeo yaliandikwa mu 1959: palipochomwa kwa kuchelewa kila mwaka, miti ilipotea na nyasi zikashika pahali pake, palipokingwa, pori likajaa. Basi moto wa mwezi wa tisa unaua jani jekundu mu siku ileile ya kuzaliwa kwake. Mutu akilijua hilo hawezi tena kusema kwamba hakuna cha kufanya.

Tunaomba nini

Wazee walisema: mwacha mila ni mutumwa. Sisi tunaongeza kwamba utumwa huu ni wa ajabu, maana mutumwa mwenyewe ndiye anayenunua munyororo sokoni na kuupachika ukutani. Kusudi tusibaki mu maneno, tunaomba mambo matano.

La kwanza, kwa walimu. Mufundishe majira mane ya Ulaya, ni elimu, lakini muyaite majira ya Ulaya. Kisha mufundishe majira ya miombo: baridi, upepo, majani mekundu, mvua ya kwanza, masika makubwa. Mu mwezi wa tisa mutoe watoto nje siku moja, kila mutoto alete jani moja lililoanguka na jina lake kwa lugha ya bibi yake. Ataandika jina kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kiluba, kwa Kilamba, ao kwa Kisanga. Haitalipishwa kitu.

La pili, kwa wazazi wanaooza na wanaopamba sale. Pahali pa plastiki ya kukodi, muite mikono ya kwetu: wasusi wa mikeka, wafinyanzi wa vyungu, na wanawake wanaojua kupaka udongo. Muwalipe bei yenye heshima, sawa munavyomulipa mwenye muziki. Lakini musikate matawi ya pori kwa sherehe ya usiku mumoja, tutakuwa tumeponya jicho na kupofusha mukono.

La tatu, kwa wenye parseli. Muache kipande bila sima. Mupande. Na mwenye nafasi kidogo ajaribu musuku: mbegu iwe mbichi, maana ikikaa inakufa haraka, na udongo wa kuiwekea uchukuliwe kidogo chini ya musuku wa zamani, kwa sababu ndani yake munaishi uyoga mudogo unaosaidia mizizi kula. Atangoja miaka mingi mbele ya kuonja tunda. Aliyepanda embe tunazokula leo naye alingoja.

La nne, kwa wakubwa wa vijiji, wa komini na wa makanisa. Moto wa pori ukiwa lazima, uwe wa mwezi wa 5 ao wa 6, usiwe wa mwezi wa 9. Jambo hili linaweza kusemwa mu misa, mu ibada, mu mukutano wa kijiji, kwa dakika mbili tu.

La tano ni kwa wewe unayesoma kitabu hiki. Chagua siku ya posho moja mu mwezi wa tisa. Chukua mutoto mumoja, wako ao wa ndugu yako, na kama inawezekana chukua na muzee mumoja anayejua miti. Mutoke asubuhi mapema, mbele ya jua kuwa kali, mubebe maji na mukate. Mukifika kwenye miti, muzee aanze kutaja majina, na mutoto ayarudilie kwa sauti mpaka ayashike. Mukirudi jioni, mununue mpundu za mama wa barabarani, na usimulipunguzie bei.